Naomba ushauri: And I Love Her niipige ya Beatles au ya Esther Phillips?
Habari zenu wakuu, dada angu anaolewa mwezi ujao na kaniomba nimpigie And I Love Her, ule wimbo wa bendi ya Beatles wa 1964, mi nipo kwenye gitaa. Ile orijino naipenda sana jamani, zile noti nne za mpiga gitaa wao George Harrison mwanzoni tu zinakushika, halafu ikifika solo (pale gitaa linapopiga peke yake) ki, yaani sauti ya msingi ya wimbo, inapanda nusu toni na hapo ndo vidole vyangu vinagoma kabisa. Ila anayeimba ni shangazi, ana sauti nzito ya kwaya, naona ingemkaa zaidi ile ya mwimbaji Esther Phillips ya 1965, yeye aliigeuza ikawa And I Love Him. Dada nae hataki maneno yabadilishwe. Mliowahi kupiga harusini, nishushe ki au nimwachie shangazi aimbe anavyojisikia?