Msanii akisifia serikali mzalendo, akikosoa "abaki kwenye muziki". Hii imekaaje?

Wakuu habari zenu, kuna kauli nimeichoka kweli, "msanii akae na muziki wake, siasa awaachie wanasiasa". Naisikia kila staa akifungua mdomo kuhusu tozo au uchaguzi, sasa naomba tuijadili bila matusi maana naona hata wanaoisema hawaimaanishi.

2020 pale Dodoma CCM wanazindua kampeni, Diamond, Harmonize, Alikiba wote walipanda jukwaani, Bongo Fleva karibu nzima ikawa kijani, rangi ya chama. Kuna mtu wa chama uliwahi kumsikia akiwaambia warudi studio? Na tusijifanye ni mambo mapya, Kapteni Komba kaimba na TOT, kundi la muziki la CCM, miaka na miaka mpaka akaingia bungeni, mbunge wa Mbinga Magharibi kabisa. Kwa hiyo shida ni upande anaouongelea msanii, kuongea kwenyewe hakujawahi kuwa shida.

Haya tuje kwenye uhuru wenyewe. Mnakumbuka Machi 2017, Nay wa Mitego na ule wimbo wake wa Wapo? Jamaa kakamatwa kule Morogoro, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) wakaufungia wimbo, haijapita hata siku mbili Waziri Mwakyembe anatoka anasema Rais Magufuli kaupenda, msanii aachiwe na wimbo uendelee kupigwa, tena akashauriwa auboreshe kwa kuongezea na wakwepa kodi. Watu wakashangilia eti rais anapenda kuambiwa ukweli. Mi sikushangilia. Wimbo unafungiwa, unafunguliwa kwa sababu mkubwa mmoja kaupenda, je angekuwa hajaupenda? Hiyo ni ruhusa jamani, na ruhusa mwenyewe akiamka vibaya anaichukua. Aprili tu hapo, rapa Roma Mkatoliki na wenzake wakachukuliwa studio za Tongwe na watu wasiojulikana, wamekuja kuonekana baada ya siku tatu na akasema mwenyewe mbele ya waandishi kwamba walipigwa. Sugu naye, msanii na wakati huo mbunge wa upinzani, 2018 kahukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyosema dhidi ya Rais mkutanoni Mbeya. Ibara ya 18 ya katiba, ile ya uhuru wa maoni, ilikuwepo muda wote huo.

Sasa kuna hoja ya machawa (wale wa kusifia wakubwa), kwamba mashabiki nao wanawanyima mastaa uhuru. Mfano wanaoupenda ni wa 2021, Diamond kateuliwa kuwania tuzo za BET za Marekani, wanaharakati wakaanzisha petisheni mtandaoni atolewe kwa sababu alimpigia debe Magufuli. Hii mi binafsi sikuipenda, kumtafutia mtu hasara ya kazi yake kwa sababu ya mgombea aliyemuunga mkono kunanikera, leo kwake kesho kwa msanii ninayemkubali. Lakini kuiweka kapu moja na kilichomkuta Roma ni utani. Petisheni haina pingu, BET hawakumtoa, akabaki kwenye orodha mpaka Burna Boy akabeba tuzo kihalali. Shabiki akikuanfolo, akigoma kuja shoo yako, hela ni yake na simu ni yake, hajakuvunjia haki yoyote. Umepanda jukwaani kumnadi mtu basi ukubali na kuzomewa, wanasiasa wenyewe wanazomewa kila siku.

(Wale wanaotukana mpaka watoto wa mastaa sijawataja makusudi, hao hawana hoja ya kujadili.)

Kuna mwingine atasema msanii ana ushawishi mkubwa kwa vijana kwa hiyo awe makini, sawa, nakubali, ila huo ushawishi si ndo huo huo chama kinaukodi kila baada ya miaka mitano?

Nyie wa "wabaki kwenye muziki" nijibuni moja tu. Kampeni zijazo, wasanii wakija kutumbuiza kwenye mkutano wa mgombea wako, mtawashusha jukwaani?