Naomba ushauri: kimo cha Amani hakitulii, Tanga mjini hadi mlimani

Mpima_Muheza:
Wakuu, habari za jioni. Ni mpima ardhi, nafanya kazi mkoani Tanga, napima kwa setilaiti za GPS. Besi (risiva ya kituo cha rejea) nimeisimika Raskazone, Tanga mjini karibu na bahari; rova (risiva ya pili, kwenye alama ninayoipima) iko Amani mlimani, kama mita 900 juu ya bahari. Risiva zote ni za masafa mawili, yaani zinapokea mawimbi ya redio ya aina mbili toka kila setilaiti. Nikilinganisha vipimo vya Februari na vya Aprili, masika ilipokolea, mlalo (mahali pa alama kwenye ramani) unatulia ndani ya milimita chache lakini kimo kinapishana kwa sentimita kadhaa. Alama ni nguzo ya zege juu ya mwamba, haijasogea. Programu nimeiacha na modeli yake ya kawaida ya angahewa, na kila kikao nakaa saa mbili. Kupanda na levo (darubini ya kupimia kimo hatua kwa hatua) toka Muheza kwa kona zile, gharama yake mteja haimudu. Je, ninunue vipimo vya unyevunyevu niviweke kwenye vituo vyote viwili?

Zege_na_Levo:
Mkuu, hiyo si ionosfia, lile tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme? Huku tuko karibu na ikweta, inasumbua sana.

Binti_Chumbageni:
Ionosfia huchelewesha kila masafa kwa kiasi chake, ndiyo maana risiva ya masafa mawili huiondoa karibu yote. Tabaka la chini la angahewa halina huruma hiyo: linachelewesha masafa yote ya setilaiti sawasawa, kwa hiyo lazima likadiriwe.

Kaka Mpima, hela ya vipimo vya unyevu itunze. Hewa kavu inachelewesha mawimbi kama mita 2.3 kwa setilaiti iliyo utosini, ukiwa usawa wa bahari. Sehemu hiyo hufuata mgandamizo wa hewa, na fomula ya Saastamoinen ya 1972 huipata vizuri: ukikosea mgandamizo kwa hektopaskali 1, ucheleweshaji unakosewa kwa milimita 2.3 tu. Taabu ni mvuke wa maji. Kwenye joto na unyevu kama wetu unaweza kuongeza sentimita 30 na zaidi, na unyevu unaousoma kwenye nguzo hausemi kilichopo kilomita mbili juu. Modeli ya kawaida mara nyingi hudhani unyevu wa asilimia 50. Masika ya Tanga na asilimia 50 wapi na wapi!

Wengi hudhani kutoa vipimo vya besi kwenye vya rova kunaifuta hewa. Kunaifuta vituo vikiwa jirani na kwenye kimo kimoja. Wewe kati ya Raskazone na Amani una mita 900 za hewa nzito ya pwani ambazo besi inazo na rova haina. Kwa hewa kavu pekee tofauti ni kama sentimita 24. Modeli huikadiria, ila kosa la milimita 1 litakalobaki kwenye tofauti hiyo huweza kuzaa milimita 3 hivi za kimo.

Mpima_Muheza:
Asante sana dada. Kwa nini basi mlalo usiharibike?

Binti_Chumbageni:
Setilaiti ziko pande zote, kosa la mashariki linapunguzwa na la magharibi. Chini ya miguu yako hakuna setilaiti ya kupunguza kosa la juu.

Antena_Kubwa:
Hata darubini za redio zinazopima dunia kwa kusikiliza kwasa (viini vya galaksi za mbali vinavyotoa mawimbi ya redio), kama ya Hartebeesthoek kule Afrika Kusini, hupambana na mvuke huu huu. Dawa ni kuiachia programu ikadirie ucheleweshaji wa utosini kwa kila kituo, kila saa moja au mbili, pamoja na mwinamo wa hewa (tofauti ya hewa upande mmoja na mwingine), maana wewe mashariki una bahari na magharibi una milima. Makadirio hayo yanahitaji setilaiti za chini, karibu na upeo wa macho: kwenye nyuzi 30 juu ya upeo mawimbi hupita hewa mara mbili ya utosini, kwenye nyuzi 5 karibu mara kumi. Bila hizo, hesabu haiwezi kutenganisha hewa na kimo. Kubadili ucheleweshaji wa setilaiti hizo uwe wa utosini, tumia fomula ya Niell ya 1996 au ya Vienna iliyofuata, na zipe uzito mdogo kwa sababu zina kelele. Msitu ukikuzibia upeo wa macho, tafuta mteremko wa shamba la chai ulio wazi, uunganishe na nguzo yako kwa levo. Na saa mbili hazitoshi, acha risiva saa 24.

Mpima_Muheza:
Mteremko upo, mita 300 toka kwenye nguzo. Walinzi wa shamba nawafahamu. Naweka kikao cha saa 24 wiki ijayo, na data za Aprili nazikokotoa upya usiku huu.

Binti_Chumbageni:
Ukikokotoa, anza kwa kuacha setilaiti zilizo chini ya nyuzi 7, kisha 10, kisha 15. Kimo kikibadilika kila ukipandisha kikomo hicho, hewa bado hujaimaliza.