Mchoro wa mkorosho wa mwaka 1887: tuutoe ukutani au tuuache?

Mwanzisha mada, Newala

Wanakusini wenzangu, habari za saa hizi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi cha mwezi uliopita, kwenye sekondari moja huku kwetu. Naomba tulijadili kwa nafasi.

Maktabani pale pana picha kubwa ya mkorosho ndani ya fremu ya kioo. Ni nakala ya mchoro uliochapwa Ujerumani mwaka 1887, katika kitabu cha mimea ya dawa kinachojulikana kwa jina la Köhler. Kuna tawi, kuna vipande vya ua vilivyopasuliwa na kupewa namba, na chini jina la Kilatini, Anacardium occidentale. Basi. Neno la Kiswahili hakuna, wala la Kimakonde. Mzazi mmoja akasimama: picha ya Mjerumani, tena ya mti unaotusomeshea watoto, inafanya nini humu? Itolewe, tubandike picha za simu tulizopiga wenyewe shambani. Akapigiwa makofi mengi. Muda ukaisha kabla sijajibu.

Mimi nasema isitolewe, na picha ya simu haitaziba pengo lake. Simu hunasa siku moja, na mkorosho hausomeki kwa siku moja. Anayeujua anajua kwamba korosho hutangulia kukua. Inaning'inia ya kijani, nene, kwenye kikonyo chembamba kama njiti, na ukiitazama huamini kama hapo patatokea bibo. Inafika ukubwa wake wote, halafu inaanza kukomaa na kusinyaa kidogo. Ndipo kikonyo kinapovimba na kuwa bibo. Ua la Julai na bibo la Novemba mchoraji anaviweka kwenye karatasi moja, na kando anaongeza stameni, yaani kiungo cha kiume cha ua, ile moja ndefu kupita wenzake, ambayo wengi wetu tumezeeka chini ya mikorosho bila kuiona.

Na lipo jingine. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliunguza jengo la mimea iliyokaushwa kule Berlin-Dahlem. Mimea iliyochumwa pande hizi zetu za Lindi na kupelekwa huko tangu enzi za Wajerumani, mingi iliteketea. Kwa baadhi ya mimea ya dunia hii kilichosalimika ni mchoro uliokwisha kuchapwa, na kanuni za wataalamu zinakubali mchoro wa zamani usimame kuwa shahidi wa jina la mmea. Karatasi ile tunayotaka kuitoa ni ndugu wa karatasi hizo.

Kinachoniuma ni majina. Mimea ya Malabar, India, Waholanzi waliichapa Amsterdam kati ya 1678 na 1693 katika majuzuu 12 ya michoro, na ndani yake wakaandika majina ya wenyeji kwa hati za wenyeji pamoja na Kilatini. Mganga wa huko, Itty Achudem, ushahidi wake kuhusu mimea hiyo ulichapwa kabisa, na jina lake likatajwa. Kumbe iliwezekana, miaka 200 kabla ya mchoro wetu huu!

Tuutoe, tuuache, au tuujibu kwa mchoro wetu?

Mkulima, Tandahimba

Utolewe. Nimeuona huo mchoro. Majani masafi, maua masafi, kama mkorosho umeota peponi. Mimi nina ekari sita. Kuanzia Juni nimebeba bomba la salfa mgongoni, na nikichelewa wiki moja maua yanapakwa ugonjwa wa ubwiriunga, meupe kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo, halafu yanakauka. Mwanangu anatoka shule ananiambia mkorosho una stameni. Namwuliza ubwiriunga unaanzia wapi kwenye ua, hajui. Mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, hamjui. Mchoro gani huo wa kumfundisha mtoto wa mkulima?

Mwanzisha mada

Kaka, hapo umenishika, na nakubali. Wachoraji wale walichora mmea ulio kamili, wakaacha ugonjwa na mdudu kwa makusudi, maana kazi yao ilikuwa kumwezesha mtu wa mbali autambue mmea. Lakini mtoto asiyejua ua zima likoje atajuaje kuwa hili limeugua? Mahitaji yako yanadai mchoro wa pili. Hayafuti wa kwanza.

Mchongaji, Mikindani

Naingia na mpingo, kwa sababu ndio naoujua. Vitabuni nimeona mpingo umechorwa jani, ua na ganda la mbegu. Miaka 30 nachonga, sijawahi kuutafuta kwa ua. Nakata kidogo kwa shoka: nje weupe mwembamba, ndani moyo mweusi, na harufu yake. Jina lao la Kilatini lenyewe, melanoxylon, nimeambiwa limetoka Kigiriki na maana yake ni mti mweusi. Jina wameupa kwa moyo wake, kuchora wanachora jani. Kwa nini?

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo kiini chenyewe. Mswidi Linnaeus alipanga mimea kwa kuhesabu stameni na sehemu nyingine za ua, na mwaka 1736 Georg Dionysius Ehret akamchorea makundi yake 24 kwenye karatasi moja. Tangu hapo mchoro mzuri ukawa ule unaopasua ua. Jicho la mchoraji lilifuata swali la bwana wake. Swali la mchongaji halikuulizwa, ndiyo maana moyo wa mpingo haumo.

Mwalimu wa baiolojia, Lindi

Samahanini, mnachanganya siasa na sayansi. Kwanza mkorosho wenyewe si wetu, uliletwa na Wareno kutoka Brazil. Tunamlaumuje Mjerumani kwa kutouandika Kimakonde? Pili, mtihani unataka jina la kisayansi. Mchoro uachwe ulivyo, usiongezwe kitu.

Mwanzisha mada

Mwalimu, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Umeitaja Brazil, twende huko huko. Mchoro wa kale wa mkorosho uliochapwa Ulaya ni wa Mfaransa André Thevet, karne ya 16. Ndani yake watu wamo! Wanachuma, wanakamua maji ya bibo. Mtu wa Mtwara akiuona anajua mara moja kuwa hiyo ni shughuli ya uraka, pombe ya mabibo. Kufika 1887 watu wamefutwa, limebaki tawi kwenye karatasi nyeupe. Kuwarudisha si siasa, ni kukamilisha taarifa.

Na wewe uko Lindi, Tendaguru iko kwenu. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa pale na watu wetu, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao. Jina lake lilipewa dinosaria, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu miaka 100. Je, na majina ya mimea tungoje hivyo?

Mama, Masasi

Maneno mazuri. Nani atachora? Shuleni kwetu hakuna kipindi cha kuchora, na rangi ni bei.

Mwanzisha mada

Mama, nilikuwa nalisubiri swali hilo. Kuna binti wa kidato cha pili aliyechora shada la mkorosho kwa penseli na rangi za dukani za kawaida. Maua mengine kayapaka rangi ya maziwa, mengine waridi, kwenye shada lilelile. Mwalimu mmoja akamwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu: ua haliwezi kuwa na rangi mbili. Nikaenda kuangalia shambani asubuhi. Ua la mkorosho hufunguka jeupe, kisha hugeuka waridi. Binti kasema kweli. Kwenye kikonyo kaweka na vidonda vyeusi vitatu vya mbu wa mikorosho, kila kimoja na ukubwa wake, na ua moja kalifunika unga wa ubwiriunga kwa chaki.

Pembeni kaandika: bibo, korosho, kikonyo, kochoko, hili la mwisho akilionyesha bibo lililokauka chini ya mti. Na pale chini, wataalamu wanapoandika mmea ulichumwa lini na wapi, ameandika kwa penseli: "Agosti. Mti wa bibi, upande wa jikoni."