Naombeni ushauri: mama mkwe anasema mwanangu karogwa

Habari zenu wapendwa. Niko Ujiji, Kigoma. Mwanangu ana miaka 6, ana mtindio wa ubongo. Anakaa kwa kuegemezwa, kuongea bado, ila akisikia sauti yangu anacheka mpaka mwili mzima unatikisika. Ni mtoto wa raha sana, jamani.

Kinachonimaliza ni watu. Mama mkwe anashikilia nimpeleke kwa mganga, eti kuna mkono wa mtu. Daktari alishanieleza kwamba mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, hewa haikufika vizuri kwenye ubongo. Nikiwaambia hivyo naonekana mkaidi. Mume yuko Uvinza kikazi, simu zake siku hizi za kubahatisha. Nikienda kwenye shughuli, wenzangu wanavuta watoto wao pembeni kana kwamba hali hii inaambukiza. Usiku nalia peke yangu.

Biashara ya dagaa nimeiacha, hakuna wa kunishikia mtoto.

Wenye uzoefu, mliongeaje na wakwe bila kuvunja ndoa? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wenzake. Nianzie kwa mwalimu mkuu au kwa afisa ustawi wa jamii? Na mazoezi ya viungo mnayafanyaje nyumbani nauli ya hospitali ikikosekana? Akina mama wa Kigoma wenye watoto kama wangu, natamani sana tukutane.