Stevie Ray Vaughan: nini hasa kilimtoa Austin hadi kupata mkataba?

Solo_ya_Jioni:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kila ukiuliza habari za Stevie Ray Vaughan, yule mpiga gitaa wa bluzi wa Texas, Marekani, unaambiwa "David Bowie (mwimbaji nyota wa Uingereza) ndiye aliyemtoa". Sasa mtu alizaliwa 1954, albamu ya kwanza ikatoka 1983. Hapo katikati alikuwa anafanya nini, na hatua zilifuatana vipi? La pili: nyuzi zake za 13, yaani seti ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.013. Nina gitaa la umeme la aina ya Strat (Stratocaster) lililokuja na nyuzi za 9. Niweke 13 au nitaliharibu?

Mizani12:
Habari ya Bowie ni ya kweli, ila ni sura ya mwisho ya kitabu kirefu.

Aliacha shule Dallas akahamia Austin mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapita bendi kadhaa akiwa mpiga gitaa wa kuajiriwa, ikiwemo Paul Ray and the Cobras. Mwaka 1975 klabu ya Antone's ilifunguliwa mjini humo. Mwenyewe, Clifford Antone, aliwaleta wakongwe wa bluzi kama Muddy Waters na Albert King, na vijana wa mji wakapata kusimama nao jukwaa moja. Hicho ndicho kilikuwa chuo chake.

1977 akaunda Triple Threat Revue, bendi ya watu watano. Mwimbaji mkuu alikuwa Lou Ann Barton, na W.C. Clark alikuwa kwenye besi. Mwaka uliofuata, watu walipopungua, ikaitwa Double Trouble. Barton alipoondoka, Stevie ilibidi aimbe mwenyewe usiku mzima. Chris Layton alikuwa kwenye drams tangu 1978, na Tommy Shannon, aliyewahi kumpigia mwanabluzi Johnny Winter, akashika besi mwaka 1981. Sasa walikuwa watatu tu: malipo ya usiku yanagawanywa kwa watatu, vyombo vinaingia kwenye gari moja. Tatizo ni kwamba mpiga ridhimu hayupo, gitaa moja lifanye kazi zote mbili.

Prodyuza Jerry Wexler aliwasikia Austin akawapendekeza kwa Claude Nobs, mwandaaji wa tamasha la muziki la Montreux, Uswisi. Walipiga huko tarehe 17 Julai 1982 bila mkataba wowote wa kurekodi. Baadhi ya watu waliwazomea, maana usiku ule ulijaa bluzi tulivu ya magitaa makavu (yasiyo ya umeme) na hawa walikuja na ampu zimefunguliwa sauti juu. Lakini Bowie alikuwepo, na mwimbaji Jackson Browne alipiga nao baadaye pale pale Montreux, akawapa siku tatu za bure kwenye studio yake Los Angeles.

Novemba 1982 wakaingia studio. Siku ya kwanza ilikwenda kwenye kupanga vyombo na kutafuta sauti. Siku mbili zilizobaki wakarekodi nyimbo kumi, wote watatu wakipiga kwa pamoja. Walikwenda kwa nia ya kupata demo tu, yaani rekodi ya majaribio. Prodyuza John Hammond akaisikia, kampuni ya rekodi ya Epic wakaichukua, na Juni 1983 ikatoka kwa jina *Texas Flood*. Bendi isiyo na nyimbo zilizoiva ingemaliza siku hizo tatu bado inabishana wimbo uanzie wapi.

Besi_Nene:
Nimuongezee Mizani12 kuhusu Bowie. Baada ya kumsikia Montreux, Bowie alimwita, na Stevie akapiga solo kwenye albamu ya Bowie *Let's Dance*, iliyotoka Aprili 1983. Hiyo ni kazi ya kuitwa studio: unapiga, unalipwa, unaondoka. Akachukuliwa kwa ziara ya Bowie pia, akafanya mazoezi, kisha mazungumzo ya malipo na nafasi ya bendi yake yakavunjika kabla ya onyesho la kwanza. Mpiga gitaa Earl Slick akaingia badala yake. Wengi walimwona kichaa, ila albamu yake ilikuwa inatoka mwezi uliofuata. Angekuwa Ulaya nyuma ya mtu mwingine, nani angeitangaza?

Na hiyo "kazi mbili kwa gitaa moja" ina ufundi wake. Kwenye shafu (ule mdundo wa bluzi wa kudundadunda), mkono wa kulia unashuka kwenye uzi mnene penye mpigo, unapanda kwenye nyuzi nyembamba baada ya mpigo. Mkono unafagia nyuzi zote, kwa hiyo vidole vya kushoto vinaziba zisizotakiwa ili zitoe "chk" tu. Ukiachia kidole mapema zinalia ovyo. Anza taratibu, mipigo 80 kwa dakika, usiongeze hadi "chk" iwe kavu.

Solo_ya_Jioni:
Asanteni sana. Na leo hii, mtu asiye na lebo?

Mizani12:
Mtazame mpiga gitaa wa bluzi Joe Bonamassa. Alimfungulia jukwaa (alipiga kabla yake) B.B. King akiwa na miaka 12, akapita bendi ya Bloodline, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 2000. Baadaye yeye na meneja wake Roy Weisman wakatoa muziki kwa kampuni yao wenyewe na kuandaa maonyesho wao wenyewe: wanakodi ukumbi, wanauza tiketi. Ukumbi ukijaa faida ni yenu, usipojaa hasara ni yenu pia. Tarehe 4 Mei 2009 akapiga ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Eric Clapton akapanda jukwaani. Njia hii inataka meneja anayejua hesabu kuliko anayejua watu.

Fundi_Shingo:
Nyuzi sasa. Seti inayotajwa kuwa yake ni 0.013, 0.015, 0.019, 0.028, 0.038 na 0.058 za inchi. Lakini alishusha gitaa nusu toni, na hiyo inapunguza mkazo kwa karibu asilimia 11. Mkononi, uzi wake wa 13 unakuwa kama wa 12 na kidogo. Anayeweka 13 bila kushusha anajitesa zaidi ya Stevie mwenyewe.

Kutoka 9 usiruke. Weka 10, kisha 11 ukishusha nusu toni, ukae nazo miezi. Ukipanda, daraja litainuka nyuma kwa sababu nyuzi zimezidi nguvu springi za mgongoni. Kama zipo tatu, ongeza hadi tano, au kaza skrubu mbili zinazoshika kile kibao cha springi. Shingo nayo itapinda mbele. Acha gitaa lilale usiku mmoja, kisha kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, si zaidi, usubiri tena. Mwisho pima freti ya 12: noti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, rudisha kiti cha uzi (kile kipande cha daraja kinachobeba uzi) nyuma, mbali na shingo.

Solo_ya_Jioni:
Nimeweka 11 na springi tano. Nikivuta uzi wa tatu, haurudi kwenye tuni, na kule juu kwenye vifunguo vya kukazia nyuzi nasikia "tik".

Fundi_Shingo:
Huo ni mfereji wa kidaraja cha juu (kile kipande kinachoshika nyuzi mwisho wa shingo), ulichongwa kwa nyuzi za 9. Uzi unabanwa, unanasa, kisha unaruka. Hiyo "tik" ndiyo kuruka kwenyewe. Panua kwa kifaili chembamba cha duara, ukikiinamisha kuelekea vifunguo. Panua ubavu tu, usichimbe chini, maana ukishuka uzi utagonga freti ya kwanza na itabidi ununue kidaraja kipya. Ukimaliza paka unga wa penseli ndani ya mfereji.