Naomba ushauri: viumbe wa hadithi kwenye mitungi ya Ugiriki ya kale

Habari zenu wakuu. Naandaa somo la sanaa kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, nimekwama nianze na mtungi upi. Moyo wangu uko kwa ule uliopatikana Eleusis, mji wa Ugiriki, wa karne ya 7 KK, wenye kimo cha takriban mita 1.4. Shingoni shujaa Odysseus na wenzake wanamtoboa jicho Polyphemus, lile jitu la jicho moja, naye bado kashika kikombe cha mvinyo! Tumboni Magorgoni, majini ya kike ya kutisha, wanamkimbiza shujaa Perseus aliyemuua dada yao Medusa, vichwa vyao kama masufuria yaliyoota nyoka. Tatizo, mtungi huo ulitumika kumzikia mtoto. Niwaambie? Au nianze na ule wa Sireni (viumbe nusu mwanamke nusu ndege wanaowanasa mabaharia kwa nyimbo) ulioko London, Odysseus akiwa amefungwa kwenye mlingoti wa meli asiwafuate? Mliowahi kufundisha rika hili, nisaidieni. Na je, wachore kwanza au wasikie hadithi kwanza?