Dripu ya maji ya chumvi usiku wa mbio: ni kutibu uchovu au ni doping?

Mlima_Mkali: Wakuu, heshima kwenu. Mwaka huu nimepata timu ya kulipwa kwa mara ya kwanza. Tuko kwenye mbio za baiskeli za wiki nzima na leo siku ya nne miguu imekuwa magogo. Jana usiku mchua misuli wetu alitaka kunitundikia dripu ya nusu lita, maji na chumvi tu, eti asubuhi naamka mpya. Wenzangu wawili wamekubali. Mimi nilisingizia usingizi nikaponyoka, ila leo atarudi. Hivi maji ya chumvi nayo ni doping? Mbona kafeini na ketoni (vile vinywaji vya kuupa mwili nishati) tunapewa hadharani?

Breki_Sina: Maji na chumvi? Tundika ulale mkuu. Ingekuwa EPO, ile dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, ningekwambia kimbia.

Gia_Kubwa: Breki_Sina usimpoteze mwenzio. Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na doping, inakataza dawa na inakataza pia njia. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, uwe mbioni au mapumzikoni, labda uwe unatibiwa hospitalini au una kibali cha tiba. Yako ni mara tano ya hapo. Maji yakiingia mshipani huzimua damu, na aliyetumia EPO anaweza kujificha humo. Vipimo vya pasipoti ya damu, yaani kumbukumbu za damu yako za muda mrefu, vinavurugika. Tena tangu 2011 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, inakataza sindano za kuondoa uchovu kwa mtu asiyeumwa, hata za vitamini. Maji hayohayo ukiyanywa kwa kikombe hakuna wa kukuuliza.

Mlima_Mkali: Kwa hiyo kosa ni mshipa, si maji?

Mama_Pedali: Ndiyo, mwanangu. Nimekuwa muuguzi wa timu miaka mingi, na mpaka wenyewe unahama kila siku. Kafeini ilitolewa kwenye orodha ya marufuku 2004. Tramadol, dawa kali ya maumivu, imekwenda kinyume chake: UCI iliizuia mbioni 2019, WADA ikafuata 2024. Mwendesha baiskeli Nairo Quintana wa Kolombia alifutiwa nafasi ya 6 ya Tour de France ya 2022 kwa sababu ya hiyo tramadol, ingawa alikana kuitumia. Ketoni bado ni halali, ila UCI yenyewe haishauri mzitumie. WADA huangalia mambo matatu: inaongeza uwezo, inahatarisha afya, inakwenda kinyume na roho ya michezo. Mawili kati ya hayo yakitimia, kitu kinaweza kuingia kwenye orodha.

Sasa hilo la kwako. Mchua misuli si daktari. Ukikamatwa unafungiwa wewe, hata miaka 4, na "niliambiwa ni chumvi" haitakuokoa. Mpigie daktari wa timu sasa hivi, umuulize kama ameiagiza.

Breki_Sina: Nafuta kauli.

Mlima_Mkali: Nimempigia. Hajaagiza dripu yoyote. Ameniuliza ni nani anayezibeba na nani wameshatundikiwa. Hao wawili nalala nao chumba kimoja.